Joho, Shela na Deni la Mkopo



Leo hatuzungumzii singo wala piko, ingawa tunajua wengi mmetuuliza kuhusu ile piko inayobabua ngozi, na jibu letu ni lile lile: usipake. Leo tunataka kuzungumza na wale walio katikati ya joho na shela. Nyinyi mnajijua.

Miaka ya karibuni Ramadhani inaangukia mwanzoni mwa mwaka, kwa hivyo mahafali ya vyuo na harusi za Shaaban zinafuatana kama watoto mapacha. Dukani kwetu msimu huo hatulali. Msichana anakuja tumshonee gauni la kuvaa ndani ya joho, halafu hata wino wa vipimo vyake haujakauka kwenye daftari, anarudi na mama yake na lesi ya gauni la kutokea. Ukurasa ule ule, jina lile lile, kiuno kimepungua kidogo kwa ajili ya mawazo. Sisi tulioishia fomu foo na cheti cha ushoni tumewaona wahitimu wengi kwa kuwazungushia futi kuliko baadhi ya walimu wao walivyowaona darasani, na wakisimama mbele ya kioo wanasema mengi.

Tuanze na sifa, maana zipo na hatutaki kuzinyima. Mama zetu wakitaka chuo kikuu walikuwa lazima wavuke bahari. Chuo Kikuu cha Zanzibar pale Tunguu na kile cha ualimu cha Chukwani vilianza 1998. SUZA ikaundwa kwa sheria ya 1999 na ikaanza kusomesha 2001, na baadaye vyuo vyengine vya serikali vikaingizwa ndani yake, vya afya Mbweni, vya utalii Maruhubi, vya fedha Chwaka. Leo ukimpeleka mtoto hospitali, anayempima anaweza kuwa binti wa mtaa wa pili aliyesomea hapa hapa na kurudi kwao kila jioni. Wapo madaktari waliosomeshwa kisiwani kwa ushirikiano na chuo cha Matanzas cha Cuba. Na 2023 Wahindi wamefungua Bweleo tawi la IIT Madras, la kwanza la vyuo hivyo nje ya India, na mkuu wake, Profesa Preeti Aghalayam, ni mwanamke wa kwanza kuongoza IIT yoyote, hata huko kwao. Mtu wa Bweleo akihadithia hayo ana haki ya kuvimba kichwa kidogo.

Haya yote husemwa kwenye hotuba, na sisi tukiwa tumekaa nyuma na wazazi tunapiga vigelegele. Husomwa wangapi wamehitimu, wa shahada wangapi, wa stashahada wangapi. Kinachotukera ni kwamba hesabu inaishia kwenye mlango wa ukumbi. Wale waliovaa joho mwaka juzi wako wapi? Wanafanya nini? Chuo kinachojua hilo kitatusaidia kuliko chuo kinachojua idadi ya viti. Lakini tusikilaumu chuo peke yake, kwa sababu kwa watoto wa kike jambo hilo mara nyingi huamuliwa nyumbani, katika zile wiki chache baina ya mahafali na akdi, na huamuliwa kwa kunyamaza.

Hapa lazima tujitaje wenyewe, maana kosa hili tumelifanya.

Miaka mitatu nyuma alikuja mdogo wetu mmoja aliyemaliza uhasibu. Gauni lake la mahafali lilikuwa rangi ya maziwa, mikono mirefu, bila ya ushanga, kwa sababu alisema joho lenyewe linatosha. Miezi miwili baadaye akarudi kwa gauni la harusi. Tulikuwa tunambana kiuno kwa pini, mama yake ametoka kwenda kununua maji, akatuuliza kwa sauti ya chini: "Dada, nimeitwa kwenye usaili wa kazi, na mwenzangu sijamwambia. Nimwambie sasa au tukishaoana?"

Na sisi, pini mdomoni, tukamjibu: "Subiri uingie ndani kwanza, mambo hayo utayasema taratibu. Ukiyasema sasa utamtisha mwanamme."

Alicheka, tukacheka. Tulidhani tumempa akili.

Alirudi baada ya mwaka na nusu, mtoto begani, na mfuko mweusi. Ndani ya mfuko mlikuwa na gauni letu. Alitaka tumtafutie mnunuzi. Tukamuuliza kulikoni, tukitegemea kusikia habari ya mume mbaya. Mume hakuwa mbaya. Alipomwambia anataka kazi, yule bwana alishangaa kweli kweli. Alisema, "Mbona hukusema? Mimi nimeshapanga wewe utakaa na mama." Mama yake alikuwa mgonjwa, na yeye alioa akijua hivyo, na wala hakuficha, ila hakuna aliyemuuliza. Usaili ulikuwa umeshapita zamani. Na fedha ya gauni ilikuwa ya nini? Ya kuanza kulipa mkopo wa chuo.

Tulilinunua wenyewe lile gauni. Tulimlipa zaidi ya bei yake ya soko, na bado usiku ule hatukuona kama tumelipa chochote.

Sasa tuzungumze mkopo, kwa sababu kwenye vikao vya posa hauguswi kabisa. Wazee wanakaa, wanataja mahari, mkaja, kilemba, kitanda cha aina gani, kabati ya milango mingapi. Hakuna anayesema: binti yetu ana deni Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu. Wanaona aibu, kana kwamba kusoma kwa mkopo ni ugonjwa. Lakini deni halifutwi kwa kuolewa. Na sisi Waislamu tunajua uzito wa deni. Maiti hazikwi bila ya kuulizwa nani anamdai. Tena dini yetu imemfanya mwanamke kuwa na mali yake mwenyewe, na upande wa pili wa jambo hilo ni kwamba deni lake nalo ni lake. Mume ana wajibu wa kukulisha, kukuvisha na kukuweka nyumbani. Hana wajibu wa kukulipia chuo ulichosoma kabla hajakujua. Akilipa ni hisani, Allah amjaze kheri.

Kwa hivyo mwanamme anayesema "mke wangu hatafanya kazi" kwa binti mwenye mkopo, anasema neno lenye hesabu ndani yake. Pengine hajui kama lina hesabu. Basi aelezwe. Ikiwa hataki mkewe atoke, mkopo utalipwa na nani? Jibu linaweza kuwa zuri tu: "Nitalipa mimi." Au: "Afanye kazi mpaka deni liishe, halafu tutazungumza." Au: "Afanyie kazi nyumbani." Yote hayo yanazungumzika watu wakiwa na kahawa mkononi. Hayazungumziki vizuri saa nane ya usiku mtoto analia.

Na tuseme jengine ambalo baadhi ya mama watatununia. Mahari ni yako, biharusi. Si ya baba, si ya mjomba, wala si ya duka la samani. Kama una mkopo, chukua sehemu ya mahari ukapunguze deni lako kabla hujanunua kabati ya milango sita ya kuwekea nguo za milango miwili. Sisi tunauza nguo na tunasema hivyo.

Wengine hutuuliza kama inafaa kuweka sharti la kusoma au kufanya kazi kwenye akdi. Sisi si masheikh, na hatutaki kubeba mzigo usio wetu. Tunachokijua ni kwamba Mtume (s.a.w.) ametuhimiza sana kuyatimiza masharti tunayowekeana kwenye ndoa, na kwamba wanazuoni wametofautiana sharti lipi linamfunga mume na lipi halimfungi. Wa madhehebu ya Hanbali wameyapa nguvu zaidi. Kwetu sisi wa Shafi mlango ni mwembamba kidogo. Ndiyo maana mtu anayetakiwa kuulizwa ni kadhi au sheikh wako, na wakati wa kumuuliza ni kabla ya akdi. Na hata kama sharti halikuandikwa, jambo lililosemwa mbele ya mawalii na mashahidi lina macho. Mwanamme mwenye haya hawezi kusema hakulisikia.

Najua mtu atasema, wasomi hawa wakisema masharti watabaki majumbani. Tumelisikia sana, na tumelisema wenyewe, kama mlivyoona. Lakini hebu hesabuni mliowaona wakiachwa kwa sababu walisema mapema, na mliowaona wakiteseka kwa sababu hawakusema. Kwenye daftari letu hao wa kwanza ni mmoja. Posa yake ilivunjika, akalia wiki mbili, na mwaka uliofuata tulimshonea gauni jengine kwa bwana mwengine aliyemkuta tayari anasomesha skuli.

Wala ndoa si mwisho wa masomo. Rais Samia Suluhu Hassan, mtoto wa Makunduchi, alimaliza sekondari 1977, akaanza kazi ya ukarani serikalini, akaolewa 1978. Mzumbe alimaliza 1986, akiwa tayari mke wa mtu, na miaka ya 90 akaenda kusoma uchumi Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza. Siasa tuwaachie wenyewe. Tunachokiangalia sisi ni Bwana Hafidh Ameir. Lazima kuna siku nyumba ile walikaa wakapanga nani atakuwa wapi na watoto watakaa vipi. Masomo namna hiyo hayatokei kwa bahati.

Jambo la kazi zenyewe nalo lina maneno yake. Wazazi wetu bado wanaamini kazi ni ile ya serikali, yenye meza na kiyoyozi, na nafasi hizo hazitoshi wote wanaovaa joho. Mtoto anasomeshwa utalii, akipata kazi hoteli ya shamba nyumba nzima inatikisika: zamu ya usiku, pombe, mtandio. Hofu nyengine ni za kweli na hatuzibezi. Lakini jamani, hiyo hoteli ilikuwepo siku alipojaza fomu ya chuo. Mzazi aliyekubali miaka mitatu ya ada na akakataa kazi, amelipia picha ya ukutani. Kaeni naye kabla hajachagua fani. Ipo kazi ya mahesabu ya hoteli, ipo ya mchana, ipo ya kupokea oda kwa simu ukiwa nyumbani.

Na kabla hamjatugeukia: hatusemi kila mhitimu lazima atoke akafanye kazi. Wapo waliochagua nyumba zao kwa moyo mweupe, na elimu yao inaonekana kwenye watoto wao na hata kwenye namna wanavyobishana na sisi bei. Huyo amechagua. Tunayemsikitikia ni yule ambaye hakuna aliyemuuliza, na yeye mwenyewe hakusema, kwa sababu fundi wake alimwambia anyamaze.

Yule mdogo wetu wa uhasibu, mkitaka kujua, sasa anatufanyia mahesabu siku tatu kwa wiki, nyumbani kwake, mama mkwe akiwa amelala. Mumewe ndiye anayeleta daftari kwa vespa. Mwezi wa kwanza tu alituonesha kwamba tulikuwa hatutozi ushanga: tunatoza kitambaa na mshono, ushanga unatoka mfukoni mwetu, gauni baada ya gauni, miaka. Tulikaa kimya dukani wote. Si kazi aliyoisomea, na tunajua tunamlipa kidogo kuliko anavyostahiki. Mkopo anaulipa kidogo kidogo.

Gauni lake bado tunalo, limening'inia nyuma ya pazia la chumba cha kujaribia. Wateja wawili walilitaka, hatukuuza.

Ijumaa baada ya sala anakuja biharusi mwengine kujaribisha, wa ualimu wa sayansi, akdi yake wiki ya pili ya Shaaban. Mama yake amesema atakuja naye. Tumeshapanga kwamba maji ya kunywa tutayanunua sisi mapema, ili mama asitoke, na tukishambana kiuno tutamuuliza mbele yake: mwanangu, umeshamwambia mwenzako kuhusu kazi?