Dawa Kali Siyo Dawa Bora kwa Mzazi

Imani hii imeota mizizi nje ya wodi za wazazi: mama akishikwa na homa katikati ya uchungu, akichomwa seftriaksoni katibiwa, akipewa ampisilini na jentamisini, kapuuzwa kwa umaskini wake. Ndugu huchangishana fedha, hukimbilia duka la dawa na kurudi na kichupa cha dawa wanayoiita kali. Imani hiyo ni potofu, tena inadhuru.

Maambukizi ya mji wa mimba yanayozaa homa hiyo huletwa na bakteria wa aina nyingi wanaopanda kutoka ukeni, hasa chupa inapopasuka saa nyingi kabla ya kujifungua. Ampisilini huwakabili streptokoki wa kundi B. Jentamisini huwakabili E. koli na wenzake. Ndiyo sababu mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza zitumike pamoja. Seftriaksoni, pamoja na sifa zake zote, haiwaui enterokoki, ambao ampisilini huwaweza.

Mapitio ya mwaka 2014 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopitia tafiti za tiba, yaliyokusanya tafiti 11, hayakupata dawa iliyothibitika kuzishinda nyingine. Tofauti iliyoonekana ilikuwa ya wakati: mama akitibiwa uchungu ukiendelea, mtoto huepuka hatari ya nimonia na sumu ya damu mara nyingi zaidi kuliko mama akisubirishwa hadi ajifungue. Basi kila dakika inayopotea ndugu wakitafuta kichupa cha gharama inamwibia mtoto kinga aliyostahili.

Na si hilo tu. WHO imeiweka seftriaksoni katika kundi la dawa za kutumiwa kwa uangalifu, kwa kuwa matumizi yake ya ovyo huzalisha bakteria sugu. Tukiimaliza nguvu leo kwa kila homa, kesho mzazi atakayeihitaji kweli ataikosa.

Mwenye mzio wa penisilini atafutiwe dawa nyingine, na anayepasuliwa aongezewe dawa. Hayo mkunga na daktari wanayajua. Wengine wote wanahitaji dawa hizo za kawaida, mapema. Serikali zetu zihakikishe hazikosekani hata usiku mmoja katika chumba cha kujifungulia. Nawe ndugu wa mzazi, acha kuuliza dawa ni kali kiasi gani. Uliza sindano ya kwanza imechomwa saa ngapi.