Programu huria ziingie shuleni

Ni jambo lililo bayana kwamba tarakilishi sasa ni chombo cha elimu kama ulivyo ubao. Hata hivyo, ni nadra walimu wakuu na bodi za shule kujiuliza: programu zinazoiendesha mashine hiyo ni mali ya nani?

Shule inaponunua programu miliki, hununua ruhusa ya kuitumia tu. Maagizo aliyoyaandika mtunzi hufichwa, na mnunuzi hana idhini ya kuyarekebisha wala kumnakilia jirani. Programu huria ni kinyume cha hayo: yeyote ana haki ya kuitumia, kuyachunguza maagizo yake, kuibadilisha na kuisambaza. Hiyo ndiyo falsafa ya Mmarekani Richard Stallman, aliyeutangaza mradi wa GNU mwaka 1983.

Tuanze na gharama. Mnamo Oktoba 14, 2025, kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma yake ya kawaida kwa Windows 10, ilhali tarakilishi nyingi kuukuu, ingawa nzima, haziwezi kupokea Windows 11. Shule maskini ifanye nini? Aghalabu shule ya aina hiyo hushawishika kutumia nakala ya wizi, ingawa Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inazilinda programu. Je, mwalimu anayekemea udanganyifu katika mtihani atafundisha kwa chombo cha wizi? Linux na LibreOffice zaweza kuzifufua nyingi za mashine hizo bila ada ya leseni.

Fauka ya hayo, kuna maarifa. Linus Torvalds alikuwa mwanafunzi wa miaka 21 katika Chuo Kikuu cha Helsinki alipoanzisha Linux mwaka 1991, akitumia zana za GNU zilizokuwa wazi kwa wote. Leo kazi hiyo ndiyo kiini cha simu za Android tulizo nazo mifukoni. Mwanafunzi wetu naye atajifunzaje kuunda iwapo kila anachokigusa kimefungwa?

Lugha yetu nayo imefaidika. Mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, bila kuiomba kampuni yoyote ruhusa.

Wapo watakaodai kwamba waajiri hutaka programu zilizozoeleka. Lakini aliyeimudu kazi yenyewe hashindwi na chombo kipya. Wajibu wa shule ni kufundisha stadi, si nembo ya kampuni. Ni kweli pia kwamba huria si bure kabisa, kwani mafunzo na ufundi hulipiwa. Walakini, fedha hizo zitamfaa fundi wa hapa nyumbani.

Yafaa basi Wizara ya Elimu ianzie katika vyuo vya walimu, kwani mwalimu asiyezijua programu hizi hawezi kuzifundisha. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.