Mbuna Hawana Kosa

Muhula huu mbuna wa chumba cha sayansi wameua samaki wa dhahabu wawili, na wako wenzetu wanaotaka tangi lile la kioo liondolewe. Mimi napinga. Wa kulaumiwa ni aliyewachanganya, maana samaki wa dhahabu hupenda maji ya baridi, tena huogelea polepole.

Mbuna ni wa jamaa ya perege, nao hukaa kwenye miamba ya Ziwa Nyasa. Kila dume hulinda mahali pake. Ziwani anayefukuzwa hupata pa kukimbilia; tangini hana, na letu lina mawe mawili tu! Yapangwe mawe mengi yenye mapango, na kila dume apewe majike matatu au zaidi. Tena, mtashangaa, mbuna wawili ni hatari kuliko kumi na watano: wakiwa wawili, mnyonge hupigwa peke yake mchana kutwa, wakiwa wengi ugomvi hugawanyika. Ila tangi liwe kubwa, na maji yabadilishwe kila juma. Mgeni awafaaye ni ngogo wa ziwa lile lile, mwenye miiba, ajifichaye mchana.