Mwalimu wa hisabati aliyepelekwa Sumbawanga

Kila nirudipo nyumbani Newala, wazee huniuliza: "Mwanetu, walimu wa hesabu mnawaweka wapi huko mjini?" Nilipokuwa kidato cha pili, mwalimu wetu pekee wa somo hilo alitutamkia wazi kwamba kuletwa huku kwenye uwanda wa Makonde kulikuwa adhabu. Mwaka haukuisha, akawa amehama.

Maneno yake yalinirudia niliposoma The Travails of a Tanzanian Teacher, kumbukumbu za Profesa Karim Hirji zilizochapishwa mwaka 2018. Akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Hirji alikuwa mhariri wa Cheche, jarida la wanafunzi wa mrengo wa kushoto lililoanza mwaka 1969 na kupigwa marufuku mwaka 1970. Baadaye alifundisha hisabati chuoni hapo. Mwaka 1974 ukosoaji wake uliwachosha wakubwa; akaondolewa darasani na kupelekwa Sumbawanga, kwenye kazi za mipango.

Walidhani wanamwadhibu mtu mmoja. Kumbe waliwaadhibu pia wanafunzi walionyang'anywa mwalimu, na wakazi wa Sumbawanga, ambao mji wao uligeuzwa kuwa mahali pa kutupia watu.

Hirji hakuiacha chaki. Alifundisha Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, akapata udaktari wa takwimu Harvard, akafundisha Marekani, kisha akarejea kuwafundisha wataalamu wa afya Muhimbili.

Zipo sauti zitakazosema kwamba Serikali ina haki ya kumpangia mtumishi kituo popote. Sipingi. Lakini kupanga ni jambo moja, kukomoa ni jingine. Afisa anayemtisha mtumishi kwa kumwambia "nitakupeleka Newala" amekwisha kumfundisha kuidharau Newala kabla hajafika. Mwalimu wa namna hiyo huhesabu siku, hahesabu wanafunzi.

Nasi wahadhiri hatujasalimika. Tunapandishwa vyeo kwa wingi wa makala. Mwenzetu anayekesha akisahihisha mazoezi ya wanafunzi mia tatu huonekana hana malengo.

Hasara yake huonekana msimu wa korosho. Mkulima wa Newala au Masasi hupokea malipo yaliyokwisha pita katika makato kadhaa: ushuru, usafirishaji, ghala. Asiyejua asilimia hawezi kuuliza kama kilichokatwa ni halali. Atatia dole gumba na kushukuru. Ndiyo maana mwalimu wa hisabati kijijini ni nguzo ya uraia, hata asipotamka neno moja la siasa.

Kwa hiyo, ndugu afisa unayesoma haya, mwalimu huyo mpe nyumba, mpe maji, ambayo kwetu ni taabu ya miaka mingi, na kupanda kwake cheo kuzingatie miaka aliyokaa nasi. Na wewe mwanafunzi wa hisabati uliyetoka uwanda huu, omba kurudi. Wazee wanakusubiri, na swali lao si la utani.