Tunda la Mama Mgonjwa



Siku ya posho, tulipokuwa tunachagua mchele wa arusi, mmoja wetu alituuliza: «Mama yangu yuko kitandani mwezi wa tatu. Wananiambia haponi kwa sababu imani yangu ni ndogo. Kuna anayeuza maji ya uponyaji. Niuze mashini yangu ya kushona?»

Tulinyamaza. Kisha dada mmoja akatusimulia kitabu wanachosoma watoto wake, Le Neveu du magicien cha C. S. Lewis, Mkristo mzaliwa wa Belfast. Kilitoka mwaka wa 1955.

Mtoto Digory ana mama mgonjwa sana. Anamwomba msaada Aslan, simba aliyeumba inchi ya Narnia kwa kuimba. Anapoinua macho, anaona Simba naye analia. Lakini Aslan anamtuma kwanza alete tunda kutoka bustani ya mbali. Huko mtoto anamkuta malkia mchawi, amekwisha kuiba tunda na kulila. Hatazeeka tena, lakini uso wake umekuwa mweupe kama wa maiti. Anamshawishi Digory: mpelekee mama yako hilo tunda, atapona leo leo.

Hapo tuliacha mchele. Nani kati yetu hangeiba?

Digory hakuiba. Alimrudishia Aslan tunda, akidhani amempoteza mama yake. Likapandwa, likawa muti. Aslan akamweleza kwamba tunda la kuiba lingemponya mama, lakini siku ingefika wote wawili wangetamani afadhali angekufa. Kisha akampa tunda moja la muti ule, na mama akapona.

Wamama, Lewis mwenyewe alikuwa na miaka 9 mama yake alipokufa kwa kansa, mwaka wa 1908. Alikuwa amemwombea apone. Nani atasema imani ya mtoto yule ilikuwa ndogo?

Sisi tunaona hivi. Malkia alipata siku zisizo na mwisho, hakupata uzima. Uzima wa milele tunaoungoja ni zawadi kutoka mkono wa Mungu. Hauibiwi, wala hauuzwi katika chupa. Na Mungu anayelia pamoja nasi hapimi machozi yetu ili ajue kama tunastahili. Yesu alilia kwenye kaburi la Lazaro, naye alijua atamfufua.

Basi dada yetu, usiuze mashini. Endelea na dawa za hospitali, endelea kuomba. Kama mama atapona, tutaimba pamoja. Kama Bwana atamwita, haitakuwa kosa lako, na hutakuwa peke yako.

Siku ya tatu, saa tisa, tutakwenda kukaa naye. Mwenye uji alete uji, mwenye sabuni alete sabuni. Asiye na kitu aje na mikono yake; kuna nguo za kufua.