Mwenye Nyumba Ale, Mpangaji Alipe?

Sheria ya Kodi ya Mapato inasema asilimia 10 ya pango la fremu ni kodi ya mwenye nyumba. Kazi ya mpangaji ni kuikata kwenye pango na kuipeleka TRA. Kwenye karatasi inapendeza. Sasa nenda Mtaa wa Congo, Kariakoo, umwambie mwenye fremu: "Mzee, hii naikata, ni kodi yako." Atakucheka, kisha atakuonyesha foleni ya wanaoitaka fremu hiyohiyo leo jioni.

Tupige hesabu. Fremu ya shilingi 500,000 kwa mwezi, pango la miezi sita kwa mkupuo: milioni 3. Mwenye nyumba anazitaka zote, habari za kukatwa hataki kuzisikia. Laki tatu za TRA zitoke wapi? Kwenye mtaji wa muuza viatu ambaye hajauza hata soksi. Asipozipeleka ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha, riba na adhabu ni zake. Bado ushuru wa stempu wa mkataba. Bado leseni. Bado tozo ya Zimamoto.

Dola yenye polisi na mahakama imeona tabu kumkata mwenye ghorofa, ikamtuma mpangaji wake akamkate. Huko ni kumtuma kuku akamdai mwewe, tena bila nauli.

Na huu si mkosi wa mara moja. Agosti 2021 kodi ya majengo ilihamishiwa kwenye LUKU: shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa, na baadaye ikapandishwa. Anayenunua umeme ni nani? Tukaambiwa mtakatana kwenye pango. Mtakatana! Nionyesheni mpangaji mmoja aliyekata akabaki na chumba.

Maduka ya Kariakoo yalipofungwa kwa mgomo Mei 2023, na tena Juni 2024 mgomo ukafika Mwanza na Mbeya, wapo waliosema wafanyabiashara hawa ni wakwepa kodi tu. Wakwepe ipi, wakati wanalipa mpaka ya wenye nyumba? Kisha halmashauri inawaita vijana kwenye mikopo ya asilimia 10 ya mapato yake, wanapigwa semina ya nidhamu ya fedha (nidhamu!), na mkopo wenyewe unapitiliza hadi mfukoni mwa mwenye fremu.

Mwondoeni mfanyabiashara mdogo kwenye kazi hii. TRA imkadirie mwenye jengo yeye mwenyewe, imdai yeye, imfungie yeye. Jengo halihamishwi usiku wala halifichwi stoo. Hati ina jina, mita ina namba. Na ofisa atakayesema wenye nyumba hawapatikani, asimame Kariakoo siku ya kukusanya pango: watakuwa wamefika kabla maduka hayajafunguliwa.