Deni ni la Mkopaji, Namba ni za Watu

Mtu anakopa shilingi elfu hamsini kwenye programu ya simu. Kabla ya kupewa, programu inaomba ruhusa ya kusoma majina na namba zote alizohifadhi, naye anabonyeza "kubali" kwa sababu mtoto anaumwa na dawa haijanunuliwa. Siku anapochelewa kurejesha, ujumbe unatumwa kwa bosi wake, kwa mchungaji wake, kwa mama mkwe: huyu ni tapeli, mwambieni alipe. Akienda kulalamika, anaambiwa alikopa mwenyewe, basi alipe yaishe.

Angekuwa na mwanasheria karibu, angeambiwa jambo tofauti kabisa. Deni linadaiwa kihalali. Kumtangaza mdaiwa kwa ndugu na majirani ni shauri jingine, na halifutwi na deni. Mama mkwe naye ana malalamiko yake. Hakukopa wala hakuridhia, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyotungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 1, 2023, inataka taarifa za mtu zikusanywe kutoka kwake mwenyewe, isipokuwa kwa sababu ambazo sheria imezitaja. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Hatua hiyo ilikuwa njema, lakini waliokwisha kudhalilishwa hawakurudishiwa heshima yao.

Ndiyo maana toleo hili tumelitenga kwa ajili ya mada ya msaada wa kisheria. Sheria za kutosha tunazo. Tulichokosa ni mtu wa kumshika mkono mlalamikaji.

Tazama Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Wananchi wengi waliifahamu kupitia habari za watu waliokamatwa kwa walichoandika mtandaoni, na hadi leo wakisikia jina lake wanaogopa. Lakini ndani ya sheria hiyohiyo yamo makosa ya ulaghai kwa kompyuta, kujifanya mtu mwingine na kumsumbua mtu kwa ujumbe. Aliyeibiwa anaikimbia sheria ambayo angeweza kuitumia. Kwangu mimi, hofu hiyo imetugharimu kuliko tunavyokiri.

Halafu kuna ushahidi, na hapa ndipo mashauri mengi yanapofia, tena katika saa za mwanzo. Mtu ametuma fedha kwa tapeli aliyejifanya mwenye nyumba. Kwa hasira anafuta ujumbe, anabadili laini, anabaki na picha ya skrini aliyorushiwa na rafiki. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaukubali ushahidi wa kielektroniki, ila mahakama hutazama ulivyotengenezwa, ulivyotunzwa, na kama umebaki bila kuguswa. Kwa hiyo ujumbe wenyewe usifutwe, na simu iliyoupokea itunzwe. Namba ya muamala iandikwe pamoja na saa. Mtandao wa simu upigiwe mara moja, huenda fedha hazijatolewa. Namba ya tapeli itumwe 15040, namba ya kuripoti utapeli, kisha mtu afike polisi apate RB, yaani namba ya taarifa yake. Haya hayahitaji wakili wa kuvaa joho. Yanahitaji mtu anayeyajua, aliye jirani, asiyemkaripia aliyetapeliwa.

Watu hao tunao. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua wasaidizi wa kisheria, na vijijini wamekuwa tegemeo katika mirathi, ardhi na ndoa. Aliyeibiwa laki tatu hawezi kumlipa wakili laki tano, kwa hiyo ananyamaza, na tapeli anahesabu ukimya huo kuwa faida. Wasaidizi hawa wafundishwe mambo ya simu kama walivyofundishwa mirathi, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iwafungulie njia ya kupeleka malalamiko kwa niaba ya watu wa kata zao.

Wafanyabiashara wadogo nao wanadhani Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni ya benki na kampuni za simu. Nyumba ya wageni ina droo iliyojaa nakala za vitambulisho. Zahanati inatuma majibu ya wagonjwa kwenye kundi la WhatsApp. Shule inabandika picha za watoto mtandaoni. Wote hao ni wakusanyaji wa taarifa binafsi. Kampuni inayofichua taarifa za watu kinyume cha sheria inaweza kutozwa faini ya kati ya shilingi milioni 1 na bilioni 5. Kenya, mwaka 2023, shule moja ilitozwa shilingi za huko 4,550,000 kwa kuweka picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi.

Mawakili wenzetu wasisubiri kuitwa baada ya faini. Waende kwenye vyama vya wafanyabiashara wa masoko, wakae nao mchana mmoja, wawaandalie fomu fupi ya ridhaa kwa Kiswahili, na wawaeleze ni nakala zipi za kuchana leo.